Namna ya kupima mia na mia mbili za kriketi ya siku moja, kabla mchezo wenyewe haujazimika

Bandugu wa Lubumbashi na wengine wote, kila mara mtu ananitumia foto ya skoru kwenye telefone ananiuliza, yaya, huyu amepiga 100, ni kitu kikubwa ao hapana? Na mi kila mara namrudishia maswali: kwa balo ngapi, mwaka gani, na ekipe yake ilikuwa wapi wakati yeye anaingia? Mtu anakasirika, anasema si ujibu tu. Lakini bila hizo tatu siwezi kujibu, juu mia ya mwaka 1979 na mia ya 2023 ziko mbali sana, na kuna hamsini zenye zinapita mia. Kwaiyo leo naandika yote mahali pamoja, vile mi mwenyewe nafanyaga, ili usiniulize tena, upime mwenyewe.

Mi nilijifunzia nyuma ya duka moja hapa mjini, nilikuwa nabeba mizigo, mzee wa duka alikuwa Mhindi na televizio yake ilikuwa inawaka tangu asubuhi, siku moja akaona nasimama nasahau mafuko ya mchele, akanipa kaye na biki akasema kama unapenda basi andika. Wakati ule mechi ya ova 50 ilikuwa inapita karibu kila wiki. Sasa unaweza kukaa miezi unatafuta moja ya maana huioni, ni T20 (zile mechi fupi za ova 20) asubuhi, T20 mchana, T20 usiku. Inaniuma kweli, na ni juu ya hiyo njo naandika.

Anza na kusoma mstari mmoja. Utaona kitu ka hii: Maxwell 201* (128). Ile 201 ni mikimbio, kale kanyota kanasema hakutolewa mpaka mwisho, na 128 ni balo zenye alirushiwa. Kila ekipe iko na ova 50, ova moja ni balo 6, kwaiyo balo 300 kwa jumla, na wiketi 10 za kupoteza (mpigaji mmoja akitolewa ni wiketi moja imeanguka). Balo ikifika kwenye kamba imegusa chini ni 4, ikipita juu moja kwa moja ni 6, zingine mnakimbia na miguu yenu. Inatosha kwa kuanza, sheria zingine zitakuja zenyewe ukiangalia.

Hesabu ya kwanza ni ya mwendo: chukua mikimbio, gawa na balo, zidisha kwa 100. Sachin Tendulkar kule Gwalior tarehe 24 Februari 2010 alipiga 200 kwa balo 147, ukigawa unapata 136, ni kusema kwa kila balo 100 anakupa mikimbio 136. Sasa chukua Sunil Gavaskar, Mhindi mwenzake, kwenye Kombe la Dunia la kwanza la wanaume, Juni 1975 kule Lord's, London. Uingereza ilipiga 334, mechi ilikuwa ya ova 60 wakati ule, Gavaskar akafungua zamu ya India akakaa paka mwisho, hakutolewa, na alikuwa na 36 kwa balo 174. Gawa: haifiki hata 21. India ilimaliza na 132 kwa wiketi 3 tu, yani walibaki na wiketi saba na ova zimeisha. Watu walikuwa hawajajua bado huu mchezo unachezwa vipi, walikuwa wanaucheza ka ule wa siku tano kwenye kukaa bila kutolewa ni sifa. Usimcheke Gavaskar, alikuwa mpigaji mkubwa kabisa.

Mchezo wenyewe ulizaliwa na mvua. Tarehe 5 Januari 1971 kule Melbourne, mechi ya siku tano kati ya Australia na Uingereza ilikuwa imeharibika na mvua, wakubwa wakaona watu wasirudi bure, wakawachezesha mechi ya siku moja, ova 40 za balo nane nane. Australia ilishinda. John Edrich wa Uingereza alipiga 82, na hakuna mwenye alijua siku hiyo kama ile ni aina mpya ya kriketi. Kutoka hapo ikakuja 60, ikakuja 55 kwa nchi zingine, Kombe la Dunia la 1987 njo lilianza na 50. Kwaiyo ukisoma skoru ya zamani angalia kwanza ova zilikuwa ngapi.

Sasa hesabu ya pili, na hii njo mi naipenda kupita zote. Chukua mikimbio ya mtu, gawa na jumla ya ekipe yote. Inakuambia alibeba mzigo kiasi gani. Mfano wa kuanzia uwe Viv Richards, 31 Mei 1984, Old Trafford, Manchester. West Indies (ekipe ya visiwa vya Karibea) walikuwa 166 na wiketi 9 zimeanguka, imebaki moja tu, na mwenye anaingia ni Michael Holding, mrushaji, si mtu wa bati. Hao wawili wakaongeza 106 bila kutoka. Kwa hizo 106 Holding alikuwa na 12. Richards alimaliza na 189 kwa balo 170, jumla ya ekipe 272. Gawa 189 na 272, ni karibu 70 kwa mia. Mtu mmoja kwa watu kumi na moja! Mzee wa duka alinifanyisha hiyo hesabu kwa biki, si kwa mashine, alisema ukiiandika kwa mkono hautaisahau, na kweli sijaisahau.

Rekodi ya Richards ilikaa mpaka Saeed Anwar wa Pakistani alipopiga 194 kule Chennai mwaka 1997 mbele ya Wahindi wenyewe. Kisha watu wakangoja ile 200. Na hapa kuna kosa lenye karibu kila mtu anafanya, anasema wa kwanza ni Tendulkar. Wa kwanza ni mwanamke, Belinda Clark wa Australia, Desemba 1997 kule Mumbai, 229 bila kutolewa, Kombe la Dunia la wanawake. Ukweli ilikuwa mbele ya Denmark, ekipe dhaifu, na hiyo pia uiandike kwenye kaye, mpinzani ni nani ni sehemu ya kipimo, lakini alifika yeye miaka kumi na mbili mbele ya mwanaume yeyote. Ukimuacha, kaye yako inasema uongo.

Kwa wanaume, kutoka 1971 mpaka Februari 2010 hakuna hata mmoja. Miaka 39. Alafu Tendulkar akafungua mlango, Virender Sehwag akafuata 2011 na 219, Rohit Sharma akaingia mara tatu peke yake, Chris Gayle na Martin Guptill wote wawili kwenye Kombe la Dunia la 2015, Fakhar Zaman, Ishan Kishan, Shubman Gill, Glenn Maxwell, na Pathum Nissanka wa Sri Lanka Februari 2024. Hesabu vizuri ni mara 12 kwa miaka 14. Unajiuliza, watu wamekuwa na nguvu kupita Richards? Hapana bwana, Richards angewapiga hata hawa. Sheria njo zilibadilika, na hii sehemu uisome polepole juu bila hiyo hautaweza kupima mia yoyote ya siku hizi.

Zamani mara nyingi balo ilikuwa moja kwa ova 50. Balo nyeupe ikipigwa sana inachafuka, inalainika, upande mmoja unakwaruzika, na karibu ova ya 35 kwenda mbele mrushaji mwenye mayele anaifanya ipinde kinyume, inaingia kwenye miguu ya mpigaji ka nyoka. Na balo laini hairuki mbali. Kwaiyo ova za mwisho zilikuwa vita ya kweli. Oktoba 2011 wakaleta balo mbili mpya, moja kila upande wa uwanja, ni kusema kila balo inatumika ova 25 tu, haizeeki kabisa. Kupinda kinyume kukaisha. Mwaka uliofuata wakapunguza tena wakamataji wa nje ya duara (lile lenye linachorwa katikati ya uwanja), wanne tu, hata ova za mwisho. Mrushaji akabaki mikono mitupu. Angalia sasa tarehe za zile mia mbili, karibu zote zinaanguka nyuma ya hapo. Mwaka 2015 wakarudisha mkamataji wa tano kwa ova 10 za mwisho, na 2025 wakakubali kosa la balo: sasa balo mbili zinaenda mpaka ova ya 34, kisha ekipe yenye inarusha inachagua moja ya kumaliza nayo. Mi nilifurahi sana siku ile, walichelewa miaka karibu 14 lakini walifanya. Kwaiyo mia ya kuanzia katikati ya 2025 uipe uzito kidogo zaidi kuliko ya 2014.

Hii haitaki kusema kila namba kubwa ya wakati ule ni bure. Rohit Sharma tarehe 13 Novemba 2014 kule Kolkata alipiga 264 kwa balo 173, njo kubwa kupita zote za wanaume za mechi za siku moja za mataifa. India ikafika 404. Sri Lanka wiketi zote kumi zikaanguka na 251, ni kusema Rohit peke yake aliwapita ekipe nzima kwa 13. Lakini andika pia kwamba walimuangusha balo yake akiwa na 4, nafasi rahisi ya kumkamata. Mambo ka hiyo haionekani kwenye skoru, lazima uangalie ao usome maelezo, na mi naona mtu mwenye hasomi maelezo anajua nusu ya mechi.

Hesabu ya tatu si hesabu kabisa, ni swali: aliingia wakati gani? Na hapa mi nasema bila kuogopa, ile 201 ya Maxwell njo kubwa kupita mia mbili zote zingine. 7 Novemba 2023, Mumbai, Afghanistan iliweka 291. Australia ikaanguka mpaka 91 kwa wiketi 7. Kwa mtu mwenye hajui: hapo umeshakufa, watu wanazima televizio. Maxwell akabaki na Pat Cummins, kapteni, mrushaji. Misuli ikamkaza Maxwell, mguu wote, akaanguka chini, akashindwa kukimbia, akaanza kupiga akiwa amesimama pale pale bila kusogeza miguu. Hao wawili waliongeza 202, na Cummins kwa hizo zote alikuwa na 12 kwa balo 68. Unaona? 12 kwa balo 68, mwendo wake haufiki hata 18, ukisoma bila kujua utasema huyu alilala, kumbe bila hizo balo 68 Maxwell angekuwa na nani? Fanya ile hesabu ya mzigo, 201 kwa 293, ni 68 na kidogo kwa mia, karibu sawa na Richards. Na alikuwa anakimbiza, deni liko ukutani. Niliangalia kwenye telefone yenye betri ilikuwa inaisha na sikuweza kukaa chini.

Weka pia kwenye kaye mia zenye zilipotea. Charles Coventry wa Zimbabwe, jirani zetu wa pale chini, Agosti 2009 kule Bulawayo, 194 bila kutolewa, sawa sawa na rekodi ya Saeed Anwar ya wakati ule, na hiyo njo mia moja tu yenye alipata maisha yake yote ya mechi za siku moja za mataifa. Zimbabwe ikafika 312. Bangladesh ikakimbiza, Tamim Iqbal akapiga 154, wakashinda. Mtu anagusa kilele cha dunia na jioni anarudi nyumbani ameshindwa. Mi kila nikipima namna ya kuingiza ushindi kwenye hesabu nakumbuka Coventry, nafikiri ushindi usiufanye kipimo kikubwa, mpigaji harushi balo za upande wa pili.

Za mbio nitapita haraka juu hizo kila mtu anazipenda na zinajieleza. Shahid Afridi alipata mia kwa balo 37 Oktoba 1996, na ilikuwa Nairobi, hapa hapa Afrika, mara yake ya kwanza kushika bati kwenye mechi ya siku moja ya mataifa. Ikakaa miaka 17 mpaka Corey Anderson wa New Zealand akafanya kwa 36 tarehe 1 Januari 2014, kisha AB de Villiers Januari 2015 kule Johannesburg kwa 31. Kwa hizi ile hesabu ya kwanza inatosha.

Tukija kwa maisha yote ya mchezaji, hapo njo utaona wazi huu mchezo unazimika. Tendulkar alicheza mechi 463, mikimbio 18,426, mia 49. Mia yake ya kwanza ilikuja kwenye mechi ya 79! Leo mtu hapewi mechi 79 za kusubiria. Virat Kohli alimpita kwa mia tarehe 15 Novemba 2023, nusu fainali kule Mumbai, ya 50, katika zamu 279 tu, na Tendulkar mwenyewe alikuwa kwenye viti anaangalia. Kohli pia alifika 10,000 kwa zamu 205, Tendulkar alitumia 259. Lakini ile 18,426 fanya mwenyewe mfano: mtu mwenye anapata wastani wa 45 na anacheza mara 20 kwa mwaka anaingiza 900, anahitaji miaka 20 na zaidi. Mpe mara 8 kwa mwaka, anaingiza 360, anahitaji miaka 51. Kwaiyo kijana mwenye anaanza sasa hata akiwa na kipaji kupita wote hafiki, kalenda imemkatalia. Usimpime na jumla, mpime na wastani na mwendo.

Kalenda ilienda wapi? T20 ilianza Uingereza 2003, mechi inaisha kwa masaa matatu na kidogo wakati ya ova 50 inakula siku nzima. 2007 Kombe la Dunia la kwanza la T20, India ikachukua, 2008 ligi ya India ikaanza, na siku ya kwanza kabisa Brendon McCullum akapiga 158. Pesa ikaenda kule. Julai 2022 Ben Stokes, mwenye alibeba Uingereza kwenye fainali ya 2019 kule Lord's na 84, akasema naacha mechi za siku moja, mwili hauwezi kucheza aina zote tatu (alirudi mwaka uliofuata kwa ajili ya Kombe la Dunia). Mwezi ule ule Afrika Kusini ikajitoa kwenye mechi tatu za Australia za Januari 2023 juu ya kulinda ligi yake mpya ya T20. Na Julai 2023 kamati ya MCC, wale wenye kulinda sheria za kriketi, wakapendekeza mechi za siku moja za nchi mbili mbili zipunguzwe sana nyuma ya Kombe la 2027.

Na Kenya, nasema ile nchi, si commune yetu ya Kenya. Hawa walishinda West Indies kule Pune 1996, waliwatoa wote na 93. Mwaka 2003 walifika nusu fainali ya Kombe la Dunia, ukweli New Zealand ilikataa kwenda Nairobi wakapata pointi za bure, lakini Sri Lanka waliipiga uwanjani kabisa. 2014 wakapoteza haki ya mechi za siku moja za mataifa. Hiyo maana yake kijana wa Nairobi akipiga hata 150 leo haiingii kwenye rekodi hizi zote zenye tunahesabu. Iandike pembeni ya kaye, mi niko na ukurasa wake.

Sasa namna ya kufuata. Kombe la Dunia la 2027, Oktoba na Novemba, liko Afrika Kusini, Zimbabwe na Namibia, ekipe 14, na wote watatu saa yao ni sawa na yetu sisi wa Lubumbashi, hakuna kuamka usiku (Kinshasa wao wako saa moja nyuma). Kwa barabara pia si ndoto, Kasumbalesa, Ndola, Lusaka, Chirundu mpaka Harare, malori yetu yanafanya hiyo njia kila siku, anza kutengeneza pasipoti mapema. Mwenye atabaki nyumbani asimalize mega kwa kuangalia video siku nzima. Fungua skoru ya maandishi mara nne: ova ya 10 ikiisha, juu mpaka hapo wakamataji wawili tu wanaruhusiwa nje ya duara na wapigaji wanakula, ova ya 30 uone wiketi ngapi zimebaki, ya 40, kisha mwisho. Mega uzilinde kwa ova 10 za mwisho za yule mwenye anakimbiza, hizo usikose.

Kwenye kaye chora mistari sita: jina na mpinzani, mwaka na sheria ya balo, mikimbio na balo, mwendo, mzigo kwa mia, na aliingia ekipe ikiwa wapi. Ya kujifunzia nakupa mechi moja, Johannesburg, 12 Machi 2006. Australia 434 kwa wiketi 4, hakuna ekipe ya wanaume ilishafikisha 400 mbele ya siku ile, Ricky Ponting 164 kwa balo 105. Afrika Kusini ikajibu 438 kwa wiketi 9, balo moja tu ilikuwa imebaki, Herschelle Gibbs 175 kwa balo 111. Balo ilikuwa moja, ile ya kuzeeka. Jaza mistari yote sita kwa hao wawili kwa biki, kisha uniandikie ni nani umemuweka juu.